Maisha ya Christian Doppler, Mwana wa Mwashi

Mhariri wetu ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wenzangu walionitangulia katika kurasa hizi waliandika habari za wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua mwalimu wa hesabu, mgonjwa wa kifua, ambaye hakupigana vita wala hakutawala hata kijiji kimoja. Jina lake ni Christian Doppler. Nilimjua kwa sababu ya ugomvi, na haki yataka niueleze ugomvi huo kwanza.

Shule yetu, kama mjuavyo, imejengwa juu ya barabara kuu, na mabasi ya mikoani hupita jioni yakipiga honi kwenye kona. Jioni moja ya mwezi wa Aprili nalimwambia mwenzangu alalaye kitanda cha chini yangu kwamba honi ya basi linapokuja huwa nyembamba, na basi likisha kupita honi ile ile huwa nzito. Akanijibu kuwa si kweli. Kaka yake ni utingo, naye mwenyewe amesafiri mara nyingi katika basi la kaka yake, na honi ni moja tangu kituo cha kwanza hata cha mwisho. Mimi nikashikilia langu, tena nikatoa sababu: nikasema sauti ikisafiri mbali huchoka, na ikichoka huwa nzito. Bweni zima likacheka. Tukabishana hata tukafikia kutukanana, na mwisho tukawekeana sharti kwamba atakayeshindwa atamfulia mwenzake shuka kwa muhula mzima. Tangu jioni ile hatukusemezana, ingawa tulikuwa marafiki tangu kidato cha kwanza.

Nalimwendea mwalimu wetu wa fizikia nikitumaini atanipa ushindi. Hakunipa. Alinipa kitabu, akaniagiza nisome maisha ya Doppler kabla ya kufungua kinywa tena. Niliyoyasoma katika kitabu hicho na vingine vya maktaba ndiyo haya.

Christian Doppler alizaliwa tarehe 29 Novemba 1803 katika mji wa Salzburg, ambao leo umo katika nchi ya Austria. Ni mji ulio karibu na milima mirefu, na mto Salzach wapita katikati yake. Watu wa ukoo wake walikuwa waashi wa mawe tangu karne ya 17. Baba yake alikuwa mwashi mwenye jina jema na nyumba nzuri karibu na mto, na desturi ya siku zile ilikuwa mtoto wa kiume kushika nyundo ya baba yake. Lakini Christian alizaliwa na mwili dhaifu. Uashi wa mawe ni kazi ya watu wenye mikono ya nguvu na kifua kizima, maana vumbi la mawe huingia mapafuni. Basi ikaonekana wazi kwamba kijana huyu hataiweza kazi ya ukoo wake. Twaweza kufikiri uchungu wa mtoto aonaye nduguze wakienda kazini naye akiachwa nyumbani.

Katika Salzburg alikuwako mwalimu wa hesabu aitwaye Simon Stampfer. Baba alimwuliza mwalimu huyo mtoto wake afanywe nini, na Stampfer, alipoitazama akili ya kijana, akashauri apelekwe Vienna, mji mkuu, akasome katika Chuo cha Ufundi. Christian aliingia chuoni mwaka 1822 akamaliza mwaka 1825. Kisha alirudi kwao akaendelea kusoma, huku akifundisha hesabu na fizikia, akaenda tena Vienna, na mwaka 1829 akapata kazi ya kumsaidia profesa mmoja wa hesabu. Kazi hiyo ilikuwa ya miaka minne tu. Mwaka 1833 ikaisha, naye akatoka bila ya kazi nyingine mkononi.

Hapa wasomaji wapenzi, hasa wale wenye kaka na dada waliomaliza chuo nao wako nyumbani wakingoja, wasikilize vizuri. Doppler alikuwa na karibu miaka thelathini, amesoma sana, naye hana kazi. Siku zile mtu aliyetaka ualimu ilimpasa kufanya mtihani wa kushindana na wenzake. Doppler aliomba katika mji huu na mji ule, na majibu yakachelewa. Ili apate chakula akawa karani wa hesabu katika kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba, akakaa huko kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1835 akakata tamaa kabisa. Akauza vitu vyake, akasafiri hata mji wa Munich kuonana na mjumbe wa Marekani, ili ahamie nchi hiyo asirudi tena. Alipokuwa tayari kuondoka ndipo ilipomfikia barua ya kumpa kazi ya kufundisha hesabu katika shule ya ufundi ya mji wa Prague. Akaenda Prague, Marekani hakuiona. Mwaka uliofuata alimwoa Mathilde, binti wa sonara wa Salzburg, wakazaa watoto watano.

Maisha ya Prague hayakuwa mepesi. Mwaka 1841 alifanywa profesa kamili katika chuo cha ufundi, na kazi yake ilikuwa pamoja na kuwatahini wanafunzi mamia kwa mamia, kwa maandishi na kwa midomo, mmoja baada ya mwingine. Kifua chake hakikuweza kazi hiyo ya kusema mchana kutwa. Tena wanafunzi walimlalamikia wakubwa wake kwamba mitihani yake ni migumu kupita kiasi, hata akaonywa. Nilipofika hapa katika kitabu nalicheka, kwa kuwa nawajua walimu wa namna hiyo. Lakini baadaye nikafikiri upande wa pili: huyu alikuwa mgonjwa aliyechoka, naye usiku alikuwa akiandika mambo ambayo sisi twayasoma leo.

Siku kubwa ya maisha yake ilikuwa tarehe 25 Mei 1842. Siku hiyo alisimama mbele ya Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Bohemia, mjini Prague, akasoma maandishi yake juu ya nuru yenye rangi ya nyota pacha. Nyota pacha ni nyota mbili zinazozungukana. Watu waliofika kumsikiliza hawakutimia hata kumi. Alipomaliza walirudi makwao, na mji haukujua kwamba kuna jambo limetokea.

Sasa nieleze alichokisema, maana bila ya hicho maisha yake ni habari ya mtu mwenye kikohozi tu.

Wale wetu waliozaliwa pwani watanifahamu upesi. Simama ufukoni, utaona mawimbi yaja moja baada ya jingine kwa kipimo chake. Sasa ingia katika ngalawa uelekee baharini. Mawimbi yatagonga omo ya ngalawa mara nyingi zaidi kwa dakika, kwa sababu nawe wayaendea. Geuza ngalawa urudi pwani, na mawimbi yatakufikia kwa kuchelewa, kwa sababu wayakimbia. Bahari haikubadilika, ni wewe uliyebadili mwendo. Doppler mwenyewe alitumia mfano wa chombo baharini. Akasema kwamba sauti ni mawimbi, na nuru pia ni mawimbi, basi sheria hii lazima izishike zote mbili.

Natuchukue honi ya basi, tufanye hesabu. Sauti hewani huenda kadiri ya mita 340 kwa sekunde. Tuseme honi hutoa mawimbi 400 kwa sekunde. Basi likiwa limesimama, mawimbi hayo 400 yamejipanga katika mita 340, na kila wimbi lina urefu wa sentimita 85. Sasa basi liende mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Kati ya wimbi moja na la pili, basi limesogea mbele sentimita 5. Kwa hiyo mawimbi ya mbele yamebanwa, kila moja ni sentimita 80. Na mawimbi ya nyuma yamevutwa, kila moja ni sentimita 90. Mtu aliye mbele ya basi hupokea mawimbi 425 kwa sekunde, na sikio lake humwambia sauti ni nyembamba. Aliye nyuma hupokea kama 378, na sikio humwambia sauti ni nzito. Lakini abiria aliyeketi ndani husafiri pamoja na honi, naye hupokea 400 zile zile, tangu kituo cha kwanza hata cha mwisho.

Nilipoimaliza hesabu hiyo niliona aibu. Rafiki yangu alisema kweli. Mimi nilisema kweli pia. Lakini sababu niliyoitoa mbele ya bweni zima, ya sauti kuchoka, ilikuwa uongo mtupu. Sauti ikisafiri mbali hupungua nguvu, lakini haigeuki kuwa nzito. Mwendo wa basi ndio ufanyao kazi, wala si umbali.

Tuiache sauti, tutazame nuru, kwa kuwa Doppler alitaka kuzisema nyota. Nuru ina mwendo mkubwa kuliko kitu chochote tukijuacho: kilomita 300,000 kwa sekunde, kasoro kidogo. Katika sekunde moja ingaliweza kuizunguka dunia mara saba na nusu. Kutoka juani hadi kwetu huchukua kama dakika nane na sekunde ishirini. Wa kwanza kuonyesha kwamba nuru ina mwendo, na haifiki papo hapo, alikuwa Mdenmark aitwaye Ole Rømer, alipokuwa Paris, mwaka 1676. Alitazama mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, ambao huizunguka sayari hiyo kila baada ya saa 42 na nusu hivi na kuingia katika kivuli chake. Aliona kwamba dunia yetu inapojitenga na Mshtarii, kupatwa kwa mwezi ule huchelewa kidogo kidogo, na dunia inapokaribia huwahi. Ni kama ile ngalawa: ukikimbia, habari hukufikia kwa kuchelewa, ukiziendea, hukufikia mapema. Kwa hiyo Rømer alikuwa ameishika ncha ya kamba hii zaidi ya miaka 160 kabla ya Doppler, ila hakuivuta upande ule.

Doppler alifikiri hivi: nyota ikija kwetu, mawimbi ya nuru yake yatabanwa, na rangi yake itaelekea samawati na zambarau. Ikienda mbali, mawimbi yatavutwa, na rangi itaelekea wekundu. Kwa hiyo, akasema, nyota pacha nyingine ni nyekundu na nyingine ni samawati kwa sababu moja yaja na nyingine yaenda.

Wasomaji, hapa ndipo mtu mkubwa alipoteleza. Fanyeni hesabu pamoja nami. Basi letu liliendapo mita 20 kwa sekunde, mwendo wake ni sehemu moja katika 17 ya mwendo wa sauti, na sikio lasikia tofauti. Sasa nyota iende kilomita 30 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa dunia yetu ikilizunguka jua. Hiyo ni sehemu moja tu katika 10,000 ya mwendo wa nuru. Hakuna jicho la binadamu liwezalo kuiona rangi iliyobadilika kwa kiasi hicho. Twajua leo kwamba rangi za nyota hutokana na joto lao, kama chuma katika tanuri la mhunzi: kwanza chekundu, kikizidi moto chawa cha manjano, kisha cheupe. Nyota nyekundu ni baridi kuliko nyota nyeupe. Basi sheria ya Doppler ilikuwa ya kweli, na mfano alioutoa ulikuwa wa makosa. Mnaona kwa nini mwalimu wangu alinipa kitabu hiki.

Palitokea kijana wa Uholanzi mwenye miaka 27, aitwaye Christophorus Buys Ballot, ambaye hakuyaamini maneno ya Doppler. Hakumtukana, wala hakuweka sharti la kufuliana shuka. Alisema moyoni mwake kwamba jambo hili lipimwe. Mwaka 1845 alipata gari moshi katika njia ya reli iliyotoka Utrecht kwenda Amsterdam. Juu ya gari moshi akaweka wapiga tarumbeta, na kando ya reli akaweka wanamuziki wengine wenye masikio mazoefu. Mara ya kwanza, mwezi wa Februari, hali ya hewa ya baridi kali na theluji iliwashinda. Wakarudi mwezi wa Juni. Gari moshi likapita na kurudi, wale wa juu wakipiga sauti moja bila ya kuibadili, na wale wa chini wakiandika sauti waliyoisikia. Kisha wakabadilishana: waliosimama chini wakapiga, na waliopanda wakasikiliza. Matokeo yalikuwa wazi. Tarumbeta ilipokuja ilisikika nyembamba kuliko ilivyopigwa, na ilipokwenda ilisikika nzito. Hapo Buys Ballot akakiri mbele ya watu wote kwamba kwa sauti Doppler amesema kweli. Ila akashikilia kwamba habari ya rangi za nyota haikubaliki. Katika mambo yote mawili alikuwa sawa. Doppler kwa upande wake hakuuacha mfano wake wa nyota hata kufa. Huenda mtu akiisha kupendezwa na jambo ni vigumu kulikata mkono mmoja na kubakiza mwingine.

Afya ya Doppler ilizidi kupungua. Mwaka 1847 aliondoka Prague akaenda kufundisha katika chuo cha madini katika mji ambao leo waitwa Banská Štiavnica, nchini Slovakia. Mwaka 1848 fujo za mapinduzi zilienea katika nchi zile, naye akarudi Vienna. Hapo ndipo alipopata heshima aliyoistahili: mwaka 1850 Kaisari alimweka awe mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna. Mtoto aliyeshindwa kuchonga mawe sasa alikuwa na nyumba ya elimu mkononi mwake.

Kuanzia mwaka 1851 akawa na mwanafunzi mmoja mtawa, ambaye mwaka uliotangulia alishindwa mtihani wa kupata cheti cha ualimu. Jina lake lilikuwa Gregor Mendel. Ndiye yule yule tunayemsoma katika biolojia, aliyepanda njegere na kuhesabu ndefu na fupi. Aliyoyapata katika njegere hizo aliyachapisha mwaka 1866. Nasi tukikaa darasani kwa Doppler tungalidhani mtawa yule aliyeanguka mtihani si kitu.

Lakini heshima haikuzuia mashambulio. Profesa mmoja wa Vienna, Joseph Petzval, mtu hodari sana wa hesabu, aliipinga sheria ya Doppler hadharani mwaka 1852. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba sheria kubwa ya maumbile haiwezi kuandikwa katika mistari michache ya hesabu nyepesi. Sheria kubwa yataka hesabu kubwa. Wengi wakamsikiliza, kwa kuwa cheo chake kilikuwa kirefu na hesabu zake ndefu. Petzval alikuwa amechanganya mambo mawili: hewa ichukuayo sauti ikisogea yote pamoja, na kitu kitoacho sauti kikisogea ndani ya hewa. Hesabu zake hazikuwa na kosa, ila zilijibu swali jingine. Doppler alijitetea, lakini kifua chake kilikuwa kimekwisha.

Mwezi wa Novemba 1852 alisafiri kwenda Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, kwa kutumaini kwamba hewa yake isiyo na baridi kali itamponya. Haikumponya. Alikufa huko tarehe 17 Machi 1853, akiwa na miaka 49, akazikwa katika kisiwa cha makaburi cha San Michele. Alikufa kabla ya kuona hata nyota moja ikipimwa kwa sheria yake.

Sasa nieleze yaliyotokea baada ya yeye kufa, kwa maana urithi wa Doppler wazidi umri wake. Mwaka 1848 Mfaransa Hippolyte Fizeau alikwisha onyesha njia iliyo sawa. Alishauri kwamba tusitazame rangi ya nyota kwa macho matupu. Nuru ya nyota ikipitishwa katika kioo cha pembe tatu hutandazwa kama upinde wa mvua, na katika upinde huo mna mistari myembamba myeusi, kila mmoja mahali pake. Nyota ikisogea, mistari hiyo husogea kidogo, na kidogo hicho chaweza kupimwa. Huyu Fizeau ndiye aliyepima mwendo wa nuru hapa hapa duniani mwaka 1849, kwa gurudumu lenye meno 720 na kioo kilichowekwa mbali zaidi ya kilomita 8. Nuru ilipita katika pengo la meno, ikaenda kwenye kioo na kurudi. Gurudumu lilipofikia mwendo fulani, nuru iliyorudi ilikuta jino limeziba pengo. Alipata kadiri ya kilomita 313,000 kwa sekunde, karibu sana na kweli.

Mwaka 1868 Mwingereza William Huggins aliisoma mistari ya nyota kubwa iitwayo Sirius, akajaribu kuupima mwendo wake. Mwaka 1912 Mmarekani Vesto Slipher alipima kundi la nyota la Andromeda, akaona laja kwetu kwa kilomita 300 hivi kwa sekunde. Baadaye aliona mengi ya makundi mengine yanakwenda mbali nasi, na mwaka 1929 Edwin Hubble akaonyesha kwamba kadiri kundi lilivyo mbali ndivyo liendavyo kwa haraka zaidi. Hivyo watu wakajua kwamba ulimwengu wote unapanuka. Na mwaka 1995 wataalamu wawili wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, waliona nyota iitwayo 51 Pegasi ikiyumba kuja na kwenda kwa mita 50 na kitu tu kwa sekunde, wakajua kuna sayari inayoizunguka na kuivuta. Doppler alikosea kwa nyota za macho, lakini nyota ndizo zilizomlipa.

Hata nyumbani kwetu sheria hii yafanya kazi. Katika kliniki, kifaa kidogo kinachowekwa juu ya tumbo la mama hupeleka sauti isiyosikika, na kwa kubadilika kwa sauti irudiyo moyo wa mtoto hujulikana. Na ile mashine ya trafiki ambayo madereva huiita tochi, ikiwa ni ya namna itumiayo mawimbi ya redio, hupeleka mawimbi kwa mwendo wa nuru, yakaligonga gari na kurudi yakiwa yamebanwa, na mwendo wa gari ukasomeka papo hapo. Kaka wa rafiki yangu, yule utingo, amekuwa akimlaani Doppler miaka mingi bila ya kulijua jina lake.

Yabaki kueleza mwisho wa ugomvi wetu. Shule ilipofungwa mwezi wa Juni, nalimfuata mwenzangu kituoni, nikamwonyesha hesabu ya sentimita 80, 85 na 90. Aliitazama kwa muda mrefu, lakini hakusema neno. Nikamwomba jambo moja tu: akiwa ndani ya basi asikilize honi kwenye kona ya chini ya shule, nami nitasimama kando ya barabara nisikilize. Akakubali kwa kichwa. Basi likaja, likapiga honi ndefu, likapita. Nilisikia sauti ikianguka, kama mtu ashukaye ngazi. Yeye alikuwa dirishani, akainua kidole kimoja: sauti moja. Mimi nikainua viwili. Tulitazamana hata basi likapotea, nadhani wote wawili tukicheka.

Muhula huu tumefuliana shuka, yeye yangu nami yake, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kweli yake. Tena jioni ya kwanza nalisimama mbele ya bweni nikatangaza kwamba ile sababu yangu ya sauti kuchoka ni uongo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufua shuka. Walicheka tena, ila kicheko cha safari hii hakikuniuma.

Nawaachia jambo moja, hasa ndugu zetu wa kidato cha kwanza. Mtu aweza kuwa na mwili dhaifu, akakosa kazi, akachekwa, akakosea hata katika jambo lililompa jina, na bado akaacha nyuma yake kweli ambayo watu wataitumia maadamu kuna nuru na sauti. Lakini kweli hiyo haikuthibitishwa kwa kubishana bwenini. Ilithibitishwa na watu waliopanda gari moshi na tarumbeta zao, na wengine waliosimama kando ya reli wakasikiliza. Mkibishana, wapenzi, tafuteni gari moshi.